Ndovu wa Nyika ya Mombasa

Ndovu wa Afrika ndiye mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Dume aliyekomaa hufika tani sita, jike kama tani tatu, na kila mmoja hutafuna hadi kilo 150 za nyasi, majani na magome kwa siku. Mimba yake huchukua miezi 22, naye huzaa ndama mmoja kila baada ya miaka minne au mitano. Kwa kasi hiyo ya kuzaana, jamii iliyouawa kwa mwaka mmoja huhitaji kizazi kizima kurudi ilivyokuwa.

Kundi la ndovu ni ukoo wa majike. Bibi, binti zake, dada zake na watoto wao hutembea pamoja, na aliye mkubwa kuliko wote ndiye kiongozi. Yeye hukumbuka kisima kilichotoa maji katika ukame wa miaka thelathini iliyopita, na njia ya kukifikia. Madume huondoka wanapobaleghe, wakaishi wawili watatu au peke yao, na hurejea kwa majike wanapopandwa na joto la uzazi. Wakati huo majimaji huwatiririka kati ya jicho na sikio, na mtu mwenye busara huwapisha. Koo zilizoachana kwa kilomita kadhaa huitana kwa sauti nzito mno ambayo sikio la binadamu haliinasi. Ndovu hupewa seti sita za magego maishani. Ya mwisho ikilika, karibu na umri wa miaka sitini, hashindwi na simba wala maradhi bali na chakula chenyewe: hawezi tena kukisaga.

Kwa mkazi wa Mkomani, mtaa wa Mombasa kaskazini mwa daraja la Nyali, ndovu wa karibu wako pande mbili. Kundi dogo liko katika misitu ya Shimba Hills, Kwale, ukivuka feri ya Likoni na kupanda vilima, mwendo wa kilomita thelathini na ushei kutoka kisiwani. Kundi kubwa, ambalo ndilo kubwa kuliko lolote nchini Kenya, liko Tsavo, pande zote mbili za barabara kuu na reli ya kwenda Nairobi. Uhusiano wa mji na wanyama hao hauonekani mpaka mtu afuate mabomba ya maji. Visima vya Baricho, vinavyonywesha Malindi, Kilifi na Mombasa ya bara ya kaskazini, vimechimbwa kando ya mto Sabaki, nao Sabaki ni ule ule Galana unaokata Tsavo Mashariki katikati. Chemchemi za Mzima, ambazo bomba lake lilifika Mombasa katika miaka ya 1950, ziko ndani ya Tsavo Magharibi. Chemchemi za Marere ziko Shimba Hills. Ramani ya maji ya Mombasa ni karibu sawa na ramani ya ndovu wake.

Biashara ya pembe katika mwambao huu ni kongwe kuliko mji wenyewe. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza kinaitaja pembe miongoni mwa bidhaa za bandari ya Rhapta, mahali fulani katika pwani ya Tanzania ya leo. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyeifikia nchi ya Zanji mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba pembe zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikavushwa hadi India na China. Pembe ya ndovu wa Afrika Mashariki ni laini na haipasuki upesi kama ya ndovu wa India, ndiyo maana mafundi wa bangili wa Gujarati waliisubiri kwa hamu.

Mpaka karne ya 18 mahitaji hayo hayakuwafuta ndovu. Mambo yaligeuka katika karne ya 19, pale Ulaya na Marekani zilipoanza kununua pembe kwa ajili ya vibao vya piano, mipira ya biliadi, vitana na mipini ya visu. Katika jimbo la Connecticut kulizuka mji mzima uliotajirika kwa kukata pembe za vibao vya piano, ukaitwa Ivoryton. Meli za Marekani kutoka Salem zilitia nanga Zanzibar, na baada ya Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, kuitwaa Mombasa mwaka 1837, pembe za bandari hii nazo zikaingia katika vitabu vya forodha vya Sultani.

Waliozishusha hadi Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne hiyo hawakuwa Waarabu wala Waswahili, bali hasa Wakamba. Misafara yao ya mamia ya watu ilitoka Kitui, ikavuka nyika, ikateremkia Rabai, ambako Mijikenda walisimama katikati kama madalali. Habari nyingi za misafara hiyo zimetoka kwa mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosine mwezi Julai mwaka huo huo upande wa bara, ambako kaburi lipo hadi leo. Mwaka 1849 Krapf alikwenda Ukambani na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara wa pembe aliyejulikana kutoka Kitui hadi baharini. Mwaka 1851 wawili hao walisafiri pamoja kuelekea mto Tana, wakavamiwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa, Krapf akatorokea porini na kurudi pwani akiwa taabani. Katika miongo iliyofuata misafara ya Waswahili na Waarabu iliwapita Wakamba na kwenda mbali zaidi, kwa sababu ndovu wa karibu walikuwa wamepungua.

Nyuma ya wafanyabiashara wote hao walikuwako wawindaji wenyewe, na katika nyika ya Mombasa hao walikuwa Waata, ambao majirani waliwaita pia Walangulo au Waliangulu. Ni watu wachache, wasemao lugha ya jamii ya Kioromo, walioishi kuanzia Tana hadi nyuma ya Kilifi na Kwale, na maisha yao yote yalimzunguka ndovu. Upinde wa Mwaata ulikuwa mrefu na mgumu ajabu. Kuuvuta kulihitaji nguvu ya kuinua zaidi ya kilo 45, na mtu asiyezoea hakuweza hata kuufikisha nusu. Sumu ilitoka katika mti wa msunguti. Magome na vijiti vilichemshwa kutwa mpaka vikawa ujiuji mweusi mithili ya lami, na wapikaji mashuhuri walikuwa Wagiriama, waliowauzia Waata. Chuma cha mshale kilipakwa sumu kisha kikaviringishwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi ili isikauke. Ukanda ulifunguliwa pale tu ndovu alipoonekana. Mwindaji alinyata akiukabili upepo, akafika hatua kumi au ishirini tu kutoka kwa mnyama, akalenga tumbo, ambako ngozi si nene. Sumu mbichi ikiingia damuni husimamisha moyo, na ndovu aliweza kuanguka kabla hajafika mbali. Nyama ililiwa na kijiji chote, pembe zikaenda pwani.

Ufundi huo serikali ya kikoloni iliufanya kosa la jinai. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 kanuni za uwindaji za Himaya ya Afrika Mashariki zilidai leseni, na leseni iligharimu fedha ambazo Mwaata hakuwa nazo. Mzungu mwenye bunduki akawa mwindaji, Mwaata mwenye upinde akawa jangili. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500 katika safari hiyo, wakiwemo ndovu 11, na mzigo ukapelekwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Huyo huyo huhesabiwa katika nchi yake kuwa mmoja wa mababa wa uhifadhi, aliyetenga misitu na mbuga kubwa ambamo dubu na nyati wa Amerika walipata pa kusalimika. Wakati ule wengi hawakuona mgongano wowote katika mambo hayo mawili.

Mbuga ya Tsavo ilitangazwa Aprili 1948. Ilikuwa nchi kavu, yenye mbung'o na vichaka vya miiba, ambayo hakuna mlowezi aliyeitaka. Ndiyo maana ikawezekana kutenga zaidi ya kilomita za mraba 20,000 kwa mkupuo mmoja. Iligawanywa Mashariki na Magharibi, na David Sheldrick akawa mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki akiwa na msaidizi wake Bill Woodley. Kwa Waata, mpaka huo mpya ulikata mapori ya babu zao. Waliendelea kuwinda, na bei ya pembe ilivyopanda baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakawinda zaidi.

Mwaka 1956 Sheldrick na Woodley walianzisha operesheni ya kuwakomesha. Woodley alikuwa amepigana na Mau Mau katika milima ya Aberdare, na mbinu alizoleta zilikuwa zile zile: watoa habari, kumhoji aliyekamatwa mpaka ataje wenzake, kuvamia kijiji alfajiri. Kufikia mwisho wa 1957 mamia ya watu walikuwa wamefungwa na uwindaji wa upinde ulikuwa umevunjika. Mwindaji aliyesakwa kuliko wote, Galogalo Kafonde, aliwachenga askari kwa muda mrefu kabla ya kupatikana. Woodley mwenyewe aliingiwa na heshima kwa watu hao, na ni kutokana na hoja za watu kama yeye kwamba mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki ya mbuga, ili Waata wawinde ndovu kihalali kwa idadi maalumu na kuuza nyama na pembe. Wazo lilikuwa limewatangulia watu wa zama zake kwa miaka thelathini. Halikudumu: kabla ya mwisho wa muongo ule nchi hiyo ilikodishwa ikawa ranchi ya ng'ombe, na Waata wakabaki bila ndovu na bila ardhi.

Upinde ulipotoweka, ndovu walijaa Tsavo. Walifukuzwa pia na mashamba na makazi yaliyokuwa yakipanuka nje, wakajibanza ndani ya mipaka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 idadi yao katika mbuga na viunga vyake ilikadiriwa kuwa kati ya 35,000 na 40,000. Walivunja miti, wakachuna mibuyu, na vichaka vikageuka nyika ya nyasi. Mtaalamu wa Kiingereza Richard Laws, aliyeletwa kuchunguza, alipiga ndovu 300 ili apime umri na uzazi wao, kisha akapendekeza wapunguzwe maelfu zaidi. Sheldrick alikataa; kwa rai yake, nchi ingejirekebisha yenyewe. Ugomvi huo uliwagawa wahifadhi wa dunia nzima, na Laws akaondoka mwaka 1968.

Jibu lilikuja kwa ukame wa 1970 na 1971. Maji katika Galana hayakukauka, ila chakula karibu na maji kiliisha, na majike wenye ndama hawakuweza kwenda mbali kukitafuta. Ndovu kama 6,000 walikufa kwa njaa, wengi wao majike na watoto. Koo nzima zilipotea pamoja na viongozi wao. Miti ilianza kuota tena, kama Sheldrick alivyosema ingeota, na kila upande ukadai umethibitika kuwa sahihi. Inaelekea pande zote mbili zilikuwa na haki kiasi, jambo ambalo hakuna kati yao aliyewahi kulikubali.

Mizoga hiyo iliacha kitu kingine: pembe, zimelala porini bila mwenyewe. Watu wa vijiji vya jirani waliziokota kwa maelfu, wakagundua bei yake, na wanunuzi wakagundua njia. Pembe za kuokota zilipokwisha, ukaja wakati wa bunduki. Magenge kutoka kaskazini yaliingia na silaha za kivita, vibali vya biashara ya pembe vilitolewa kwa wenye jina, na baadhi ya waliopewa kazi ya kulinda walikuwa wakiua. Mwaka 1976 mamlaka ya mbuga iliunganishwa na idara ya wanyama ya serikali, na Sheldrick akahamishwa kutoka Tsavo. Alifariki mwaka uliofuata. Serikali ilipiga marufuku uwindaji wote Mei 1977 na biashara ya nyara mwaka 1978, lakini marufuku ya karatasi haikumzuia mtu mwenye bunduki. Ndovu wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, walibaki chini ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Tsavo, hesabu ya ndege ya mwaka 1988 ilipata kama 5,400 tu.

Aprili 1989 Rais Daniel arap Moi alimteua Richard Leakey kuongoza idara ya wanyama ya serikali. Julai mwaka huo, katika mbuga ya Nairobi, Moi aliwasha moto tani 12 za pembe mbele ya kamera za ulimwengu. Oktoba, mataifa wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, yalikutana Lausanne, Uswisi, yakapiga marufuku biashara ya pembe kimataifa. Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, likaanza kazi mwaka 1990 na askari waliolipwa na kupewa silaha zinazofaa. Bei ilianguka, soko likafungwa Ulaya na Marekani, na ndovu wakaanza kuongezeka. Kati ya yote yaliyojaribiwa tangu kanuni za kwanza za uwindaji, hakuna lililookoa ndovu wengi kuliko kuharibika kwa soko.

Ushahidi ni kwamba soko lilipofufuka, mauaji yalirudi. Botswana, Namibia na Zimbabwe ziliruhusiwa kuuzia Japani akiba yao mwaka 1999, na mwaka 2008 mauzo mengine yakafanywa kwa Japani na China. China ilikuwa imetajirika, na bei ikapaa. Kenya ilipoteza ndovu 384 kwa majangili mwaka 2012. Januari 2013 ukoo mzima wa ndovu 11 ulipigwa risasi Tsavo Mashariki, mdogo kabisa akiwa ndama. Mei 2014 aliuawa Satao, dume ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi.

Mombasa katika miaka hiyo ilijulikana duniani kwa jambo la aibu. Pembe zilizopita bandari yake ya Kilindini zilikuwa za ndovu wa Kenya, na pia za Tanzania, Uganda na Kongo, kwa kuwa bandari ndiyo mlango wa wote. Juni 2014 polisi walikamata zaidi ya tani mbili mjini. Mwaka 2015 makontena yaliyotoka Mombasa yalifunguliwa Thailand na Singapore. Karatasi zilisema majani ya chai, na ndani mlikuwa na tani za pembe. Sheria mpya ya wanyamapori ya 2013 ilikuwa tayari imeweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha, na mahakama za Mombasa zikaanza kupokea kesi ambazo zamani ziliishia kwa faini ndogo. Aprili 30, 2016, Kenya ilichoma tani 105 kwa mara moja, rundo kubwa kuliko yote yaliyowahi kuchomwa. China ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017, na uwindaji haramu katika Tsavo ukashuka sana.

Katika miaka hiyo hiyo ya mauaji iliendelea kazi nyingine ya polepole. Daphne Sheldrick, mjane wa David, alikuwa amehangaika kwa miaka mingi kulea ndama walioachwa yatima, nao walikufa kwa sababu hawawezi kumeng'enya mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Suluhisho lilikuwa mafuta ya nazi, yaliyochanganywa katika maziwa ya watoto wachanga. Kutokana na mchanganyiko huo wamelelewa mamia ya yatima, na wengi wamerudishwa porini kupitia vituo vya Voi na Ithumba. Baadhi wamezaa, na wamewahi kuwaleta ndama wao kituoni.

Kinachowaua ndovu na watu leo ni ardhi zaidi ya risasi. Shimba Hills inaonyesha hivyo waziwazi. Msitu huo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, umezungukwa na mashamba ya Wadigo, Waduruma na Wakamba, na njia za zamani za ndovu kwenda Tsavo zimekatwa na makazi. Upande wa kaskazini, wenye mashamba waliunganisha ardhi yao mwaka 1995 wakaunda hifadhi ya Mwaluganje: hawalimi humo, na badala yake hugawana viingilio vya watalii na mapato ya karatasi zinazotengenezwa kwa kinyesi cha ndovu. Watalii wakipungua, mgao hupungua, na jamaa hurejea kuangalia jembe. Ndovu walizidi uwezo wa msitu hata hivyo, na mwaka 2005 KWS ilihamisha 150 kwa malori hadi Tsavo Mashariki, umbali wa kilomita 160. Waliohamishwa walikufa kwa wingi kuliko wenyeji wa huko. Jike kiongozi alikuwa ametoka katika nchi aliyoijua kisima kwa kisima na kuwekwa katika nchi asiyoijua hata kimoja.

Sagalla, chini ya vilima vya Taita, kumejaribiwa njia ya bei nafuu. Mizinga ya nyuki huning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, kila mita kumi. Ndovu akigusa waya mizinga yote hutikisika. Ndovu huogopa nyuki, ambao humuuma ndani ya mkonga na kandokando ya macho. Utafiti uliofanywa huko umeonyesha kwamba katika misimu ya mavuno zaidi ya robo tatu ya ndovu wanaokaribia hurudi nyuma, na mkulima hubaki na asali. Katika ukame mkali, lakini, nyuki huhama na mizinga hubaki mitupu, wakati ule ule ndovu wana njaa zaidi.

Reli mpya iliyofunguliwa Mei 2017 imepita Tsavo juu ya tuta refu lenye madaraja na vivuko vya chini, na baada ya kusitasita ndovu wamejifunza kuvitumia. Hesabu ya mwaka huo ilipata ndovu 12,866 katika Tsavo na Mkomazi ya Tanzania. Sensa ya taifa ya 2021 ilipata 36,280 nchini kote. Ukame wa 2022 uliua wasiopungua 205 kati ya Februari na Oktoba, na Dida, jike mwenye pembe ndefu aliyepigwa picha kuliko ndovu yeyote wa Tsavo, alifariki mwaka huo kwa uzee.

Sheria ya 2013 inaiagiza serikali kulipa shilingi milioni tano kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini, milioni tatu kwa ulemavu wa kudumu, na fidia ya mazao kwa bei ya soko. Katika Kwale na Taita Taveta madai mengi yamekaa miaka bila kulipwa. Mkulima aliyekesha akipiga debe hadi alfajiri na bado akapoteza mahindi yake ndiye anayegharamia ndovu wa Kenya, na mpaka alipwe, hesabu yoyote ya ndovu walioongezeka itakuwa imeandikwa kwa fedha zake.